Waridi Lililonunuliwa kwa Mkate

Jioni ile Mavjuda alitoka kununua mkate, basi, hakuwa na jingine. Mkaza mwana wake, Zarnigor, alishatandika kitambaa cha chakula na chai ilishaiva, na katika mji ule wa Bukhara kumwekea mtu chai bila mkate ni kumtukana. Akajitupia shali, akavuta mlango, akashika kichochoro.

Akanunua mikate ya moto tanurini, akaikumbatia chini ya shali ipate kumpasha joto. Baridi ilikuwa imeanza. Miforsadi imepukutika, moshi wa kuni umelala chini chini, mbwa wa mtu anabweka kwa uvivu. Jioni ya kawaida kabisa.

Halafu akasikia harufu.

Waridi.

Mavjuda akasimama. Waridi lipi linachanua Novemba? Kwao waridi huzikwa. Theluji ikikaribia, watu huinamisha matawi, huyafunga kamba, huyalaza kwenye mfereji na kuyafukia udongo, na mzabibu na mtini vivyo hivyo. Masika yakiingia hufukuliwa. Jioni ile mawaridi yote ya mtaa yalikuwa chini ya ardhi. Na hii haikuwa harufu ya waridi lolote tu. Ilikuwa ya lile la pinki la mama mkwe wake, nzito, yenye utamu wa asali na ukali kidogo mwishoni kama karafuu. Alidhani hatainusa tena mpaka anaingia kaburini.

Maana waridi lile alikuwa ameliua yeye.

Ngoja niwaeleze, msije mkamhukumu bure. Uani kwake kulikuwa na mawaridi ya zamani, jeupe, la manjano, na hilo la pinki. Mama mkwe wake alipokuwa anakata roho hakuusia dhahabu wala nyumba. Alisema, "Yote yakipotea yapotee, la pinki usilipoteze. Watoto wa nyumba hii hurudi kwa harufu yake." Maneno ya mgonjwa, mtu angesema. Sasa masika yaliyopita jua likaja mapema, likamdanganya Mavjuda, akayafukua yote kabla ya wakati. Usiku wake maji yakaganda ndooni. Asubuhi matawi yalikuwa meusi. Akayafunika magunia, akayamwagilia maji ya vuguvugu, akayaombea dua, wapi! Mizizi nayo ikaoza.

Akaziba pengo kwa mawaridi ya sokoni. Mekundu, makubwa, yamenyooka, hayana hata harufu ya majani. Jirani yake Saltanat, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, kila akipita lazima aseme.

"Shoga, hayo maua ya plastiki unayamwagilia maji ya nini? Yapanguse vumbi tu kwa kitambaa!"

"Badala ya kunicheka, nipe tawi la kwako."

"La kwangu liko wapi? Tuliling'oa tulipojenga gereji. Mtaa mzima halipo tena, Mavjuda. Siku hizi kila mtu anataka pa kulaza gari."

Wakacheka wote wawili, lakini moyo wa Mavjuda haukucheka. Mwanawe wa pekee, Ikrom, alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi, mwaka wa tatu sasa. Alipokuwa akipiga simu alisema, "Mama, huku hata maua hayanukii. Nikishika kichochoro chetu, harufu ndiyo itaniambia nimefika." Mama hakuthubutu kumweleza kilichotokea. Na tangu waridi life simu zikaanza kupungua. Mara moja kwa wiki. Mara moja kwa mwezi. Kisha kimya.

Hicho ndicho kilichokuwa kinamla. Hakutaka waridi kwa ajili ya uzuri wake. Alitaka mtoto wake arudi.

Basi jioni ile akaifuata ile harufu. Ikampitisha kwenye kona, ikamfikisha kwenye mlango wa mbao wa nyumba iliyofungwa. Alipoletwa mtaa ule akiwa bibi harusi aliukuta mlango huo na kufuli lake, na hakuwahi kuuona ukifunguliwa.

Leo ulikuwa wazi kidogo.

Akasukuma. Ua umekauka, kisima kimefunikwa ubao. Na katikati, waridi la pinki limechanua, tawi kwa tawi, katika baridi ile. Pembeni yake amechutama mwanamke mzee mwenye mtandio mweupe, ameshika mkasi wa kukatia matawi.

"Assalaam aleykum, mama."

Hakuitikia salamu. Mtu asiyeitikia salamu, hata mtoto mdogo anajua ni wa kuogopwa. Lakini Mavjuda macho yake yalikuwa kwenye maua.

"Waridi hili..." akasema, na machozi yakamtoka. "Hili ni letu."

"Mama mkwe wako alilichukua hapa," mzee akanong'ona. "La kwenu limekufa. Ulilifukua mapema."

"Nani kakwambia?"

"Udongo ukifunguliwa kabla ya wakati... huku tunasikia."

Huku wapi? Mavjuda hakuuliza. "Naomba tawi, mama. Moja tu."

"Mche haupokelewi bure."

Kweli. Hilo lilikuwa halina ubishi. Mche wa bure haushiki mizizi, lazima utoe kitu, konzi ya zabibu kavu, mkate, chochote. Mavjuda akautoa mkate mmoja chini ya shali, bado unafuka mvuke. Mzee akaunusa, akageuza uso.

"Huu mzima. Mimi niletee ulioumwa."

"Ulioumwa upi?" Mavjuda akauliza.

"Uko juu ya mlango wako wa ndani," mzee akanong'ona tena. "Kwenye kitambaa cha buluu."

Mkate ule! Kijana wa kwao akiondoka safari ndefu, huuma mkate mara moja mlangoni. Unaobaki hutundikwa ukutani. Hauguswi, hauliwi, hata njaa iingie nyumbani, mpaka mwenyewe arudi aumalize kwa mdomo wake. Mkate ndio unaomwita. Na ule wa Ikrom Mavjuda aliujua kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe, kwa sababu jino la mbele la Ikrom lilivunjika utotoni alipoanguka kutoka kwenye mforsadi, na mahali alipouma pamebaki kinundu kidogo ambapo kipande cha jino hakipo. Mama alikuwa akiupangusa vumbi na kukigusa kinundu hicho kwa kidole.

Wewe unayesoma utasema, mimi ningekimbia. Haya, sema. Kusema ni rahisi kwa mwenye watoto mezani.

Mavjuda alirudi nyumbani mbio. Zarnigor alikuwa jikoni, anaimba. Akapanda kiti, akautungua mkate, akaufungua. Umekauka kama kigae. Akajiambia, sitatoa wote. Nitavunja pembeni, upande usio na meno. Akabana kwa vidole, akavunja.

Ta!

Mkate ulipasuka unavyotaka wenyewe. Ufa ukakimbia mpaka kwenye alama ya meno, na kipande kilichobaki mkononi mwake kilikuwa na kile kinundu.

"Jino moja tu," akanong'ona Mavjuda. "Jino moja tu. Mungu atanisamehe."

Kule kwenye ua uliokauka, yule mzee alikipokea kipande kwa mikono miwili. Akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso, kama watu wote wanavyouheshimu mkate. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Mavjuda akashangaa, maana ilikuwa furaha ya mama, kabisa, si ya jini.

Kreki. Mkasi ukakata.

"Lizike leo hii," mzee akasema. "Na masika ulifukue wewe mwenyewe. Wewe, umesikia? Asilifukue mwingine."

* * *

Asubuhi yake Mavjuda na Saltanat walipita pale wakienda sokoni. Kufuli lipo. Limeshika kutu, na buibui amesuka kwenye komeo.

"Shoga," Mavjuda akauliza, amejikaza, "nyumba hii ilikuwa ya nani?"

"Ya Bibi Hanifa. Wewe hukumkuta. Mwanawe alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Afghanistan, hakurudi, hata sanduku la maiti halikurudi. Mama wa watu alikaa na mkate wake ukutani mpaka panya wakauguguna. Siku alipokuta umebaki utepe wa kuutundikia tu, alilala hapohapo chini, hakuinuka tena." Saltanat akamtazama. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Umekula nini?"

"Baridi," akasema Mavjuda.

Majira ya baridi yale yalikuwa marefu. Simu haikulia. Kila asubuhi Mavjuda alikuta kile kitambaa cha buluu kimegeuka, na mkate ndani yake umelala kifudifudi. Kwao mkate haulazwi kifudifudi, ni mkosi. Aliugeuza. Kesho yake ulikuwa kifudifudi tena. Akamuuliza Zarnigor, akaapa hajaugusa. Yule binti alikuwa na mashaka yake mwenyewe ya kulilia, kila jioni anaitazama simu hata chai inapoa kikombeni.

Masika yakaja. Safari hii Mavjuda hakudanganyika na jua. Alisubiri mpaka miforsadi ikatoa machipukizi, ndipo akachukua beleshi. Alipofukua, akaingiza mkono udongoni kulitafuta tawi.

Udongo ulikuwa wa joto.

Tawi limeshika. Tena si kushika tu, limetoa matawi mengine, na majani mabichi huko huko gizani. Alikuwa bado amepiga magoti pale, hajui acheke au akimbie, aliposikia Zarnigor akipiga ukelele kutoka mlangoni.

"Mama! Mama, njoo! Ikrom!"

Ikrom! Amesimama mlangoni na begi lake, mabega yaleyale, nyusi zilezile. Mavjuda aliacha beleshi, akakimbia na matope yake. Nyuma ya kijana alisimama dereva wa teksi, amekasirika.

"Mama, mwanao kasahau kwao, ama? Kanisimamisha kule kwenye mlango wenye kufuli. Anagonga, anagonga, anaita mama! Mpaka nikamshika mkono. Nauliza watu, ndio wakanielekeza hapa."

"Uchovu wa safari," akasema Zarnigor, analia na kucheka.

Mavjuda akamkumbatia mwanawe. Akaweka pua shingoni pake, pale chini ya sikio, alipokuwa akimnusa tangu ana siku moja. Akavuta pumzi.

Hakuna.

Akavuta tena. Wala jasho, wala sabuni, wala moshi wa garimoshi. Mtu ametoka Urusi, siku kadhaa safarini, hanukii kitu. Kama yale ya sokoni.

"Mama," akasema yule kijana, kwa sauti ya Ikrom. "Nimerudi."

Akatabasamu. Meno yote yalikuwa mazima.

"Jino lako..." akasema Mavjuda.

"Lilitengenezwa, mama," Zarnigor akadakia. "Huko wanatengeneza meno, si kama hapa. Si kweli, Ikrom?"

"Kweli," akasema yeye.

Jioni majirani walipoondoka, Mavjuda alipanda kiti, akautungua mkate. Desturi ni desturi. Akauweka mbele ya kijana na bakuli la chai ya kuuchovya. "Umalize, mwanangu. Umalizie safari."

Yule kijana akautazama ule mkate uliovunjika. Akausukuma polepole kwa kidole, ukarudi kwa mama.

"Huu si wangu. Wangu nilishakula, mama," akasema. "Si ulinipa kule mlangoni kwetu?"

* * *

Waridi lilichanua mwezi wa tano. Saltanat ndiye aliyekuja wa kwanza, anatweta.

"Shoga! Nimelisikia kutoka gerejini kwangu! Ndilo lenyewe! Jamani, ndilo lenyewe!" Akaingiza uso wake mzima kwenye maua. "Asali na karafuu! Mama mkwe wako akiamka leo atakubusu mikono."

Mavjuda akainama naye kunusa.

Hakusikia asali. Hakusikia karafuu.

Alisikia kichwa cha mtoto aliyelala mchana. Alisikia shati la shule lenye wino, saruji mbichi, na ule uvundo mtamu wa shingoni, chini ya sikio. Ua liligusa shavu lake, likawa na joto.

Akaanguka kwa magoti, akalia kwa sauti. Saltanat akadhani ni furaha.

Ilibidi amwambie mtu, akamwambia Saltanat. Mara ile moja katika maisha yake Saltanat hakuwa na utani. Akageuzageuza kikombe mkononi.

"Ling'oe," akasema mwishowe, kwa kunong'ona.

"Na nikiling'oa? Ikrom wangu atakwenda wapi?"

Saltanat akaweka kikombe chini.

"Basi mfukuze yule aliyeko ndani."

"Nimfukuzeje? Zarnigor ana mimba, shoga. Anaamka anaimba, analala anaimba. Nimwambie nini? Mume wako yuko uani, ana miiba?"

Na kweli, angemwambia nini? Yule kijana hakuwa mbaya. Hapo ndipo penye uchungu. Alipasua kuni, aliziba paa, alimfunika Mavjuda blanketi aliposinzia. Usiku alisikika akiita mama usingizini, kwa uchungu wa mtu aliyepotea muda mrefu, na Mavjuda alijua haitwi yeye. Kuna siku alimwonea huruma. Kisha alijichukia kwa kumwonea huruma.

Siku moja alitoka kwenda msibani, aliporudi akakuta waridi limechumwa. Lote. Zarnigor jikoni, uso umemwiva kwa mvuke, anakoroga sufuria.

"Jamu, mama! Ikrom kaomba. Kasema ana hamu ya jamu ya waridi la nyumbani."

Mavjuda alipiga kelele hata yeye mwenyewe akaogopa sauti yake. Zarnigor akalia siku mbili. Na yule kijana akakaa kwenye kitambaa cha chakula, taratibu, akaila jamu yote kwa kijiko, bakuli zima, anamtazama Mavjuda. Jioni ile alipopita karibu yake, Mavjuda akasikia kitu kidogo hewani.

Wino wa shule.

Ulitoka kwake yule.

Na kule uani, maua yaliyochanua baadaye hayakunukia tena wino. Yalinukia saruji na kichwa cha mtoto tu.

* * *

Sasa ni vuli tena. Miforsadi imepukutika. Watu wote mtaani wanazika mawaridi yao na mizabibu yao, kila ua kunasikika beleshi.

Mavjuda amengoja mpaka siku ya mwisho. Theluji imeshaanza kudondoka, na asipozika leo, baridi italiua usiku huu. Mikono yake imevimba viungo mwaka huu, vidole havifungi vizuri. Alichimba mfereji kwa shida. Akaliinamisha tawi la kwanza, taratibu, akalifunga kamba. Miiba haikumchoma. Haijawahi kumchoma, hata siku moja.

"Lala, mwanangu," akanong'ona. "Lala kidogo tu. Mama atakuja."

Akalilaza mferejini. Akashika beleshi. Mama gani humfukia mtoto wake udongo usoni kwa mkono wake mwenyewe, na asipomfukia atakufa? Beleshi la kwanza likaanguka. Harufu ikapanda, kichwa cha mtoto aliyelala mchana, dhaifu, dhaifu sana. La pili. Kwenye la tatu vidole vikamwachia, beleshi likaanguka chini.

Nyuma yake, hatua.

Mkono ukaliokota beleshi. Yule kijana alikuwa amesimama, theluji nyweleni, anatafuna mkate mpya. Dirishani Zarnigor, na tumbo lake kubwa, anawapungia mkono, anatabasamu kumwona mumewe anavyomsaidia mama yake.

"Mama, umechoka," akasema kwa upole. "Pumzika. Nitazika mimi."

"Hapana. Nipe."

Hakumpa. Alikuwa akifukia vizuri, hodari, udongo unaanguka sawasawa. Mavjuda akalishika lile beleshi kwa mikono yake miwili mibovu, akavuta, na ilikuwa kama kuvuta ukuta. Akamtazama Zarnigor dirishani. Akafungua mdomo. Zarnigor akampungia tena, mkono mmoja tumboni.

Harufu ikazimika.

Yule kijana akaupigapiga udongo kwa bapa la beleshi, akajipangusa mikono. Akamshika Mavjuda mabegani, akamgeuza kuelekea ndani, kwenye taa na chai.

"Na masika usijisumbue," akamnong'oneza sikioni. "Nitafukua mimi. Mapema, mama. Nikiliona jua tu."